Ungependa Kurudi Hali ya Mwanzo?

Kwa aliyekosa yaliyotangulia nitafupisha, maana upumbavu wangu hauhitaji kusimuliwa mara mbili. Nilimwaga unga hotelini kwa sababu ya kumcheka mgeni. Mgeni mwenyewe alishuka chumba cha kulia na kofia ya plastiki ya kuogea kichwani, akidhani ni zawadi ya hoteli. Nani asingecheka? Mimi nilikuwa mapokezi. Nilicheka mpaka nikashika meza, na jioni nikaambiwa nirudishe sare.

Kabla sijamaliza kulia, mwenye nyumba wetu akaiuza nyumba. Mume wangu, ambaye wazo haliingii kichwani mwake mpaka mama yake aligonge mhuri, akasema, "Twende kwa mama." Tukaenda kwa mama.

Huu ni mwaka wa pili. Chumba cha nyuma, dirisha linatazama ukuta, na kila nikifungua friji nasikia sauti kutoka sebuleni: "Nani anafungua friji?" Utadhani kuna friji inayojifungua yenyewe.

Mara ya mwisho niliwaacha nikiwa nimeshika simu kwa mikono miwili, siamini nilichosoma. Shule moja ya bweni ya wasichana, mji mwingine kabisa, ilikuwa inaniita kwenye usaili. Mlezi wa bweni. Kazi inakuja na nyumba: vyumba viwili, jiko, na mlango wa mbele wenye ufunguo wake. Niwaambie kweli, mshahara hata sikuuliza. Nilichotaka ni ule ufunguo. Nilitaka friji yangu mwenyewe, niifungue, niiache wazi, nisimame pale niitazame bila kuulizwa na mtu.

Usaili ulikuwa wa kwenye kompyuta, saa nne asubuhi. Simu yangu haikufaa, kamera yake ilikufa siku ilipozama kwenye ndoo ya kufulia. Mume wangu alikuwa kazini na simu yake. Ikabaki kompyuta ya sebuleni.

Hiyo kompyuta ni ya mama mkwe. Aliinunua mwenyewe, siku zile baba mkwe yu hai. Inakaa juu ya meza yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kuifunua lazima uombe ruhusa. Alitaka isome Kiswahili. "Kitu kilicho ndani ya nyumba yangu kitanisemesha lugha ninayoijua," alisema, na ikawekwa Kiswahili.

Mle ndani kuna picha za marehemu mume wake. Zile za karatasi ziliozea kwenye albamu mwaka paa lilipovuja. Bahati yake zilikuwa zimeshanakiliwa na kuingizwa kwenye kompyuta. Basi kila Jumapili mama mkwe anafunua kitambaa, anakaa, anamtazama mume wake picha moja moja. Anakwenda mbele, anarudi nyuma. Mzee mwenyewe amenuna kwenye kila picha. Hata ile ya harusi anaonekana kama mtu aliyekanyagwa kidole. Lakini mama mkwe anamtazama, anatabasamu, halafu anafunika.

Mimi nilikuwa napita na ndoo yangu ya maji, nabinua mdomo.

Aliyeziingiza picha hizo ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Anajiita Bingwa. Hakuna aliyempa jina hilo, alijipa mwenyewe, na nyumba nzima ikachoka kubishana naye. Aliwahi kusomea kompyuta. Cheti chake kimetundikwa sebuleni kwenye fremu ya dhahabu. Ukisogea ukakisoma vizuri, kinasema kwamba alihudhuria.

Basi, asubuhi ya usaili. Nimeoga mapema, nimevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, chini suruali ya kulalia, maana chini nani ataona. Naingia sebuleni na maneno yangu nimeyapanga mdomoni. Namkuta Bingwa amekaa mbele ya kompyuta, mikono nyuma ya kichwa. Kioo ni cha buluu, vidoti vinazunguka.

"Umefanya nini?"

"Asubuhi njema na wewe, shem."

"Bingwa. Umefanya nini?"

"Nimekusaidia. Nimeipa apdeti. Unataka uonekane mbele za watu na kompyuta iliyopitwa na wakati?"

Nikasogea kwenye kioo. *Inasakinisha sasisho. Asilimia 30. Usizime kompyuta yako.*

"Imeanza saa ngapi?"

"Tangu nilipoamka."

"Na ilikuwa ngapi ulipokwenda kunywa chai?"

Akajikuna shingo. "Thelathini."

"Na sasa ni ngapi?"

"Shem, hizi asilimia hazihesabiwi kama nyanya. Thelathini ya mwanzo na thelathini ya sasa ni vitu viwili tofauti."

Nilimwangalia mtu huyu kuanzia unyayo mpaka utosi. Mtu mzima, ndevu zimemjaa, anaishi kwa mama yake, na hana hata simu ya maana. Ana kasimu ka vibonye kwa sababu ile nzuri aliifungua kuitengeneza.

"Nani alikuambia uiguse?"

"Ilikuwa inaomba yenyewe. Kila siku inaomba, *sasisha sasa, sasisha sasa*. Nikaona huruma."

Aliona huruma! Mimi nimekaa mwaka wa pili chumba cha nyuma, hajaniona. Ameionea huruma kompyuta.

Mara kioo kikawa cheusi. Kikawaka tena. *Kuna jambo halikwenda sawa. Tunatendua mabadiliko. Usizime kompyuta yako.*

"Umeona?" Bingwa akapiga kofi mezani. "Imekiri kosa. Mashine nzuri inakiri."

Kikazima. Kikawaka. *Inasakinisha sasisho. Asilimia 30.*

Kikazima. Kikawaka. *Kuna jambo halikwenda sawa.*

Ikawa hivyo, inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, na saa ya ukutani nayo haikuwa na huruma ya Bingwa. Nikampigia mume wangu. Akasema, "Mwulize mama." Nikamkatia simu. Kuna wanaume ukiwaambia nyumba inaungua watakuambia umwulize mama.

"Izime," nikamwambia Bingwa.

"Imeandika usizime."

"Imeandika pia kwamba mambo hayakwenda sawa. Izime!"

Akabonyeza kitufe, akakishikilia, macho kayafumba. Ikazima. Akaiwasha. Safari hii haikutuletea vidoti. Ilituletea ukurasa wa maneno meupe: *Endelea. Zima kompyuta. Rudi hali ya mwanzo.*

*Endelea* tukabonyeza. Ikaturudisha kwenye thelathini. Tukaizima tena, tukafika pale pale. Nikaweka kidole kwenye lile la tatu.

"Hali ya mwanzo maana yake nini?"

Bingwa akakaa sawa. Swali la kitaalamu lilikuwa limemkuta. "Mwanzo, shem, ni kabla ya tatizo. Yaani jana. Jana ilikuwa nzima, siyo? Basi inarudi jana."

"Una hakika?"

"Kiswahili hicho. Mwanzo. Tulianza na kompyuta nzima, likaja sasisho, ikaharibika. Mwanzo ni pale ilipokuwa nzima."

Hapo mama mkwe akatoka jikoni, anajifuta mikono na taulo. Alikuwa ametusikia muda wote, maana nyumba ile hakuna kinachosemwa kisifike jikoni.

"Mwanzo gani?" akauliza.

"Mwanzo wa jana, mama," Bingwa akasema.

"Jana haina mwanzo. Mwanzo wa kompyuta ni siku niliyoinunua. Ilikuwa kwenye boksi, haina kitu. Huo ndio mwanzo wake."

Nilimcheka. Nakiri, nilimcheka usoni. Mwanamke ambaye akizungumza kwenye simu anapiga kelele ili sauti ifike mbali, leo ananifundisha kompyuta.

"Mama, tuachie sisi."

"Nawaachia. Nauliza tu."

Nikabonyeza. Likaja swali jingine: *Faili zako zote zitaondolewa. Ungependa kuendelea?*

Bingwa hakungoja kuulizwa. "Zitaondolewa ni kwamba zinasogezwa pembeni. Kama unapiga deki, si unaondoa viti kwanza? Ukimaliza unarudisha viti."

Nikasema kweli, inaingia akilini. Nilitaka iingie akilini. Saa ilikuwa inakaribia nne na mimi nilikuwa nauona ule ufunguo, nauona kabisa, unaning'inia kwenye kidole changu.

Mama mkwe alikuwa amesogea mpaka nyuma ya kiti. Hakuangalia kioo. Aliniangalia mimi.

"Na baba yao?"

"Baba gani, mama?"

"Baba yao. Picha zake mle ndani. Naye anaondolewa?"

"Anasogezwa pembeni, mama," Bingwa akadakia. "Kama viti."

"Wewe nyamaza, wewe nakujua. Namwuliza huyu." Akaniwekea mkono begani. Mwaka wa pili huu, hajawahi kuniwekea mkono begani. "Baba yao atarudi?"

Nikaangalia kioo. Nikaangalia saa. Yale maneno nikayasoma tena, *zote zitaondolewa*, na kidole nikakirudisha nyuma kidogo. Si kwamba sikuhisi kitu.

"Atarudi, mama."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akautoa mkono, akarudi jikoni. Nikabonyeza *Ndiyo*.

Haya, ilifanya kazi. Ilizunguka, ikazima, ikawaka, na safari hii hakuna thelathini wala arobaini. Ikatuwekea picha ya milima na anga, ikasema: *Karibu. Tuanze.* Ikaniuliza jina langu. Ikaniuliza nachagua lugha gani. Kompyuta ya mama mkwe, iliyokuwa mle ndani kabla mimi sijaolewa, ilikuwa inaniuliza mimi ni nani.

Bingwa akanyamaza. Mtu yule akinyamaza ujue kuna msiba.

"Fungua picha," nikamwambia kwa sauti ya chini.

Akafungua. *Folda hii haina kitu.*

"Labda bado vinarudishwa," akanong'ona. "Viti."

"Sitaki kusikia habari ya viti."

Kutoka jikoni: "Amerudi?"

Tukaangaliana. Mimi ndiye niliyejibu. "Bado yuko njiani, mama! Inachukua muda!"

"Sawa. Asiharakishwe."

Sikuwa na nafasi ya kufikiri. Nilimtoa Bingwa kwenye kiti, nikamwambia apotee. Halafu nikaenda mpaka mlango wa jikoni nikasema neno ambalo mkwe hamwambii mama wa mumewe: "Mama, kwa leo tu, naomba domo litulie humu ndani. Watu ninaozungumza nao ni watu wa maana."

Mama mkwe aliweka sufuria chini taratibu. Akachukua ushungi wake, akatoka nje.

Nikasema moyoni, heri.

Kiungo cha usaili kikafunguka. Wakatokea: mama mmoja wa makamo, mwenyekiti wao, miwani imefungwa mnyororo wa shanga shingoni. Pembeni yake mwanaume mwenye tai, anaandika kila kitu, hata nilipopiga chafya niliona anaandika.

Sikilizeni, nilikuwa moto. Maneno yalinitoka yamekunjwa vizuri kama mashuka ya hoteli. Wakaniuliza habari ya usafi, nikajibu. Wakaniuliza msichana akilia usiku kwa kukumbuka nyumbani nitafanya nini, nikajibu mpaka yule wa tai akaacha kuandika akanitazama. Hata bahati ilikuwa upande wangu: jirani yetu ni fundi wa mageti, anasaga vyuma kutwa mpaka meno yanauma, lakini asubuhi ile hakusaga hata kidogo.

Mwenyekiti akauliza, "Dada, nyumbani unaishi na nani?"

"Na mume wangu, shemeji yangu, na mama mkwe."

"Mnaelewana na mama mkwe?"

Nikatabasamu. Nilijifunza tabasamu hilo hotelini, linakaa usoni hata kama mguu umekanyagwa. "Mama mkwe wangu? Yule ni mama yangu mzazi kabisa. Sijawahi kumwinulia sauti. Kwake nimejifunza subira."

Yule mama akamwangalia mwenzake. Akavua miwani ikaning'inia kifuani.

"Dada, mimi sipendi kuzungushana na mtu. Tutakaa kidogo sisi wenyewe kwa wenyewe, ni utaratibu. Lakini ningekuwa wewe, ningeanza kukusanya vyombo."

Jamani! Ningeweza kukibusu kioo.

Nikawashukuru, nikainamisha kichwa, nikawashukuru tena. Pale juu kwenye kona palikuwa na neno *Funga*. Siku zote, kwenye kompyuta ile, ukimaliza kuzungumza na mtu unabonyeza *Funga*, mazungumzo yamekatika, mmeachana. Nikabonyeza *Funga*. Watu wakatoweka, ikabaki milima na anga.

Sasa nani angeniambia? Nani angeniambia kwamba sasisho, pamoja na uharibifu wake wote, lilifanikiwa kubadilisha kitu kimoja, na hata kurudi mwanzo hakukukifuta? Siku hizi *Funga* inafunga dirisha tu. Watu wanabaki nyuma yake kama majirani nyuma ya pazia, wanasikia kila kitu. Kuwaaga kabisa kuna neno jingine, *Ondoka*, limefichwa chini kule kwa herufi ndogo. Mjinga gani alikaa ofisini akaamua hivyo, sijui, lakini namwombea mama mkwe kama wangu.

Bingwa akachungulia. "Vipi?"

"Nimepata!" Nikaruka na suruali yangu ya kulalia. "Nimepata, wewe mwenye cheti cha kuhudhuria! Wamesema nikusanye vyombo!"

"Hongera, shem! Wakoje?"

"Wakoje! Yule mama ana shanga za miwani kama pazia la saluni, na anajiona amesoma peke yake dunia nzima. Mwenzake ni karani, hajui hata kuuliza swali, kazi yake kuandika. Nimewalisha maneno wakameza bila kutafuna."

Bingwa akacheka. Na mimi kicheko kikishaanza sinyamazi, ndiyo maana nilimwaga unga.

"Na hao wasichana wao, nitawazimia taa mapema, nifunge mlango, nilale. Anayelia alie kwa mama yake. Mimi siendi kule kulea mtu. Nakwenda kuchukua ufunguo. Nimechoka! Mwaka wa pili naulizwa nani kafungua friji. Mwaka wa pili naomba ruhusa ya kufunua kitambaa. 'Mama yangu mzazi'! Ulinisikia? Nilidhani ulimi utakatika. Mama yako ana roho ngumu, Bingwa, mtu wa kutazama tu mpaka chakula kikukwame. Anakaa pale Jumapili anamchekea mzee aliyenuna. Basi aje amtafute sasa! Nimemfuta. Kimesafishwa chote, mzee wake hayupo, na kule nje bado anaamini eti yuko njiani!"

Bingwa alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anaangalia nyuma yangu.

"Dada," kompyuta ikasema.

Nilisimama pale pale. Milima na anga, hakuna mtu, na sauti inatoka.

"Dada, sisi bado tupo."

Bingwa akarukia kipanya, akabonyeza huku, akabonyeza kule, na badala ya kuwafukuza akawarudisha. Wakajaa kioo kizima. Mwenyekiti alikuwa amevaa miwani yake. Yule wa tai alikuwa anaandika.

Nikageuka nikimbie, na mlangoni alikuwa amesimama mama mkwe.

Ushungi ulikuwa umejaa vumbi la chuma. Bingwa, kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani, akaniambia: "Mama alikuwa kwa fundi wa mageti. Alikwenda kumwomba asisage mpaka umalize. Halafu akakaa hapo mlangoni, kila anayepita anamwambia apite kimya."

Basi ndiyo bahati yangu ile. Kumbe alikuwa yeye. Nilimwambia domo litulie, akaenda kuutuliza mtaa mzima kwa ajili yangu. Aibu ilinishika, nawaambia, aibu ya kweli, si ile ya kukamatwa.

Mama mkwe hakuniangalia. Alipita, akanikwepa kama mtu anavyokwepa kiti, akasimama mbele ya kioo.

"Nani mwenzetu?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi ndiye mwenye roho ngumu."

"Pole sana, mama," yule wa makamo akasema. "Tumesikia. Sisi tulikuwa tunataka kuaga tu. Uamuzi tumeshaupata."

"Bado."

"Bado nini, mama?"

Mama mkwe akavuta kiti, akakaa. Akanyoosha ushungi kichwani mwake, akaupukuta vumbi, akaitazama kamera kama alivyozoea kumtazama mzee wake.

"Mnatafuta mtu wa kukaa na mabinti. Huyu mmekaa naye asubuhi moja. Mimi nimekaa naye mwaka wa pili. Mdomo wake naujua, mimi si mgeni kwenye mdomo wake. Kuna watu wana mdomo mchafu na mikono safi, na kuna wenye mdomo safi ambao mtoto humwachii hata dakika. Huyu mimi sijajua bado ni yupi. Na ninyi hamjajua."

"Mama," nikasema. "Mama, nakuomba." Sikujua hata naomba nini.

"Tunakusikiliza," mwenyekiti akasema.

"Basi nina swali moja, si lenu, ni langu. Akijibu kweli, mimi mwenyewe nitawaambia mumchukue, na mabegi nitamfungia kwa mikono yangu. Akinidanganya nitajua, maana sasa nimeshajua akidanganya sauti inakuwaje." Ndipo akageuza kiti, akanikabili. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti haikutetemeka. "Pale nilipokuwekea mkono, nikakuuliza kama atarudi. Ulikuwa umeshajua kwamba harudi?"

Bingwa akaangalia sakafu. Yule wa tai akaweka kalamu chini.

Nikifumba macho ningeuona ule ufunguo, uko karibu, nyosha mkono tu. Ukweli ungenipa. Lakini ukweli wenyewe ulikuwa ni upi? Kwamba nilijua? Nilihisi, nikakataa kujua. Nikisema ndiyo, namwambia mwanamke huyu, machoni pake, kwamba nilimwua mume wake mara ya pili kwa kidole changu, na yeye amenisimamia mlangoni. Nikisema hapana, ni kweli nusu, na yeye nusu hataki.

"Nakungoja," mama mkwe akasema.

Nikapiga magoti, na suruali yangu ya kulalia, mbele ya watu wote wale, nikafungua mdomo.